Mistari Kumi na Nne, Labda Kumi na Tano

Vijana wa ghalani, siku ya kuniaga mlinipa vitu viwili: saa ya ukutani na mfuko wa kilo mbili wa mbegu ya mahindi. Saa inakwenda vizuri. Mbegu ndiyo iliyonitia mashakani, na ndiyo sababu ya karatasi hizi. Mlisema, "Bi Rahma, tuandikie mambo ya kazi, usije ukaondoka nayo." Nikakubali upesi kwa sababu chai ilikuwa inapoa. Sasa nimekaa barazani kwangu Mbweni, kalamu mkononi, na kila jambo nililokuwa nikilijua kwa uhakika miaka yote ile, nikilishika ili niliandike, linanikataa.

Vyeo nitavipita. Vilikuwa viwili, na barua ya kimoja ilikosea jina langu. Mishahara mnaijua. Nitaanza na siku ya kwanza, halafu nitafika kwenye neno moja ambalo nyinyi mnalitumia kila siku hapo ghalani bila kujua lilitoka wapi. Mkifika hapo mtajua kwa nini nimeandika.

Mimi ni mtoto wa Malindi, mtaa wetu wa mjini, ghorofa ya pili, nyumba ambayo udongo wake wote ulikuwa ndani ya kopo la maziwa, mama alipandia mrehani. Nilipomaliza kidato cha nne nikapata kazi ya karani kwenye ghala la mbegu, hatua chache kutoka nyumbani, karibu na bandari magunia yaliposhushwa. Nilifurahi sana. Sikufurahia kilimo, nilifurahia hatua chache. Mimi tangu utotoni safari yangu ninayoipenda ni ile ya kutoka jikoni kwenda kitandani.

Aliyenipokea alikuwa Mzee Haji, msimamizi wa ghala, Mtumbatu aliyekuwa baharia kabla hajashuka nchi kavu kuja kulinda magunia. Mikono yake ilikuwa imezoea kamba kiasi kwamba hata akizungumza vidole vilikuwa vinafunga fundo hewani. Aliniangalia tangu viatu mpaka mtandio.

"Wewe umepata kupanda nini?"

"Mrehani, Mzee."

"Uliota?"

"Ulikufa."

"Vizuri. Utafaa. Wanaojua sana hawaachi kubisha."

Kazi yenyewe mnaijua. Mvua zikikaribia, wakulima wanapanga foleni. Kila mmoja anataja ukubwa wa shamba lake, sisi tunampimia mbegu na kumwambia apande vipi. Ukutani palikuwa na jedwali, nami nililihifadhi kwa siku moja: mstari hadi mstari sentimita sabini na tano, shimo hadi shimo sentimita hamsini, mbegu mbili kila shimo. Nikawa nalisoma kwa sauti ya mtu aliyezaliwa ndani ya mahindi. Wazee walikuwa wakiniitikia, "Naam, Bi Shamba." Mimi huyo sijawahi kuliona hindi likiwa limesimama.

Nililiona Kizimbani, kwenye chuo cha kilimo, tulipopelekwa wiki moja kujifunza. Siku ya kwanza mwalimu alituuliza: shamba lenye upana wa mita kumi, ukipanda kila sentimita sabini na tano, unapata mistari mingapi? Sote tukapiga hesabu, sote tukasema kumi na tatu na kidogo. Akasema kumi na nne. Tukabisha. Akanyanyua mkono, akatanua vidole. "Vidole vingapi?" Vitano. "Nafasi baina yake?" Nne. "Basi mstari wa kwanza unapandwa kabla hujapima kitu." Nikamwona mchawi. Siku ya pili jua likanipiga, na siku zilizobaki nilijifunza kilimo nikiwa nimelala kivulini, kitambaa cha maji usoni. Cheti walinipa.

Lakini wakulima hawakuwa na rula, na sentimita kwao lilikuwa neno la fundi cherehani. Hapo ndipo Mzee Haji alipokuwa na maana kuliko jedwali. Alikuwa na njia mbili.

Ya kwanza ni kamba. Alisokota kamba za usumba, zile za makumbi ya nazi, akafunga fundo kila sentimita sabini na tano, akawa anaziazima. Mkulima anaitandaza shambani, penye fundo anachomeka kijiti. Kila aliyechukua aliambiwa maneno yale yale: "Usiilaze nje. Ikilala nje inakuwa kamba nyengine." Mimi nilifahamu anaogopa wezi.

Ya pili ni nyayo. Mguu wa Mzee Haji ulikuwa sentimita ishirini na tano kamili. Tulimpima kwa rula mbele ya mashahidi, naye akawa anajisifu kwamba Mungu alimuumba kwa ajili ya mahindi. Akakanyaga rangi nyeupe, akakanyaga sakafu ya ghala, kisigino kikigusa kidole: nyayo tatu kwa mstari, nyayo mbili kwa shimo. Zile alama mnazozipiga deki mpaka leo ni za miguu yake. Mkulima asiye na kamba alisimama juu yake, akatembea, akakariri: "Tatu, mbili. Tatu, mbili." Akaenda zake.

Vipimo vya mbegu vilikuwa kibaba na pishi, vibaba vinne kwa pishi, vya bati, vimebonyea ubavuni. Kwa mwenye kijishamba cha uani, Mzee Haji alitumia kikombe cha kahawa, kile kidogo kisicho na mkono. "Kikombe kimoja, mbegu mia na hamsini. Zikizidi, umejaza kwa tamaa." Nilihesabu siku moja kwa kumtilia shaka. Zilikuwa mia na hamsini na mbili. Akasema mbili hizo ndiyo shaka yangu.

Palikuwa na sehemu ya kazi ambayo sikuifanya, na lazima niiseme. Ziara. Kila msimu karani alitakiwa aende mashambani angalau mara moja, aone walivyopanda. Siku ya ziara mimi tumbo liliniuma. Msimu mwengine lilikuwa jino. Mwenzangu mmoja aliwahi kusema kwamba mwili wa Bi Rahma una kalenda ya ofisi ndani yake. Nilicheka kuliko wote, nikabaki ghalani. Hesabu nilikuwa nazo, shamba la nini?

Sasa nifike kwa Bi Mize.

Bi Mize alikuwa mkulima kutoka kijiji kimoja cha kaskazini, mbele ya Mahonda. Mwanamke mfupi, mwepesi, sauti yake imemzidi mwili mara tatu. Alikuja kila masika, na kila alipokuja aliniletea fungu la kisamvu, akaniuliza nitaolewa lini. Mimi nilimtania, naye alinirudishia. Tulikuwa hivyo. Masika moja alisimama juu ya nyayo za Mzee Haji ili akariri, na mguu wake ukapotea ndani ya ile rangi nyeupe. Nikamwambia, "Bi Mize, leo umevaa viatu vya baba?" Akacheka, akainua buibui, akatembea kwa madaha mpaka mlangoni kuonesha watu. Nikampimia pishi yake kwa mkono wangu, nikamwazima na kamba juu yake.

Baada ya wiki tatu akarudi. Ilikuwa inanyesha, watu wamejazana ndani ya ghala wakisubiri mbegu na kukatika kwa mvua.

"Mwanangu, mbegu imepungua. Robo ya shamba iko tupu."

Nikatoa karatasi, nikapiga hesabu upya. Shamba ni lile lile la kila mwaka. Pishi ni ile ile. Zamani alipanda kwa kutawanya, hakuna aliyehesabu. Mwaka ule ndio kwanza apande kwa mistari, kama tulivyomfundisha. Kwa hesabu yangu mbegu ilitakiwa itoshe na kubaki kiganja. Robo nzima haiwezi kupotea. Watu wanatazama, nami nilikuwa na umri ambao mtu akitazamwa lazima aseme kitu cha kuchekesha.

"Bi Mize," nikasema kwa sauti ya kufika mlangoni, "robo hiyo imeota sufuriani. Kuanzia leo tukuite Bi Bisi."

Ghala lote likacheka. Yeye pia alianza kucheka, halafu akaacha katikati, kama mtu aliyekumbuka kitu alichokiacha motoni. Akajifunga kanga vizuri. Akasema, "Haya," akatoka kwenye mvua.

Mzee Haji hakucheka. Alikuwa anafunga mdomo wa gunia.

"Umekwenda kuliona?"

"Kuona nini, Mzee?"

"Shamba."

"Hesabu inatosha."

"Hesabu ya nani?" akauliza, na akaendelea na gunia lake. Nikaona ni maneno ya kibaharia.

Masika iliyofuata alikuja mwanamume wa kijiji kile. "Bi Bisi kanituma nimchukulie mbegu."

"Bi Mize?"

"Huyo huyo. Watoto wote wanamwita hivyo. Mwenyewe hataki kuja."

Nilimpimia pishi na juu yake nikaongeza kibaba. Nikadhani nimelipa. Sikwenda. Tumbo, nadhani, au jino. Misimu miwili mitatu akawa anatuma mtu, halafu hakutuma tena. Mzee Haji akastaafu, akanipa kamba yake aliyoipenda, akarudi kisiwani kwao Tumbatu, na huko Mungu akamchukua. Mie nikabaki karani, halafu msimamizi, na utani wangu nikabaki nao.

Neno lenyewe halikuondoka. Nyinyi mnalijua. Mkulima akirudi kusema mbegu haikutosha, mnatazamana na kusema, "Huyu kafanya bibisi." Mmeligeuza tendo kabisa. Juzi mmoja wenu aliniuliza kama ni neno la Kihindi. Si la Kihindi. Ni jina la mtu, na nililitunga mimi, kwa sababu watu walikuwa wananitazama.

Sasa turudi kwenye zawadi yenu. Nyumba yetu hapa Mbweni ina kipande cha ardhi nyuma, mita kumi kwa tano, kati ya kuta mbili. Mume wangu, Seif, aliutazama mfuko wa mbegu, akanitazama mimi.

"Bi Shamba, leo ndiyo siku yako."

"Mvua hazijafika."

"Basi piga hesabu. Si ndiyo kazi uliyokuwa ukiifanya?"

Nikapiga. Mistari kumi na nne, nikikumbuka vidole vya mwalimu wa Kizimbani. Kila mstari una urefu wa mita tano, mashimo kumi na moja. Jumla mashimo mia na hamsini na nne, mbegu mia tatu na nane. Vikombe viwili vya kahawa na mbegu nane za kuongeza.

"Vikombe viwili," Seif akasema. "Na mfuko una kilo mbili."

"Ndiyo."

"Zilizobaki tutapanda chini ya kitanda?"

Nikamwacha. Alasiri nikatoa kamba ya Mzee Haji, nikaivuta kutoka ukuta mpaka ukuta, nikachomeka vijiti penye mafundo. Kumi na nne, sawasawa, na kipande cha nafasi kikabaki mwishoni kama inavyotakiwa. Seif aliuliza kwa nini nisitumie futi ya fundi cherehani iliyomo kabatini. Nikamwambia asiniharibie kazi. Magharibi ikaingia, nikaacha kila kitu pale pale. Usiku ule ikanyesha.

Asubuhi nikatoka na chai yangu kwenda kujisifu. Vijiti vingine vilikuwa vimelala kwa mvua, nikaona nivute kamba upya. Nikahesabu mafundo. Kumi na tano.

Nikahesabu tena. Kumi na tano.

Nikamwita Seif. Akahesabu kwa kidole, taratibu, kama anayehesabu wageni. "Kumi na tano."

"Jana yalikuwa kumi na nne."

"Jana ulihesabu wewe."

"Wallahi kumi na nne! Vijiti hivi hapa, kumi na nne!"

"Basi shamba limekua."

Sikulala mchana ule, na mimi usingizi wa mchana siuachi kwa jambo dogo. Nikafikiri labda ukuta wa jirani umesogea. Seif akasema ukuta hautembei na mvua. Nikafikiri labda ni umri, mambo yameanza kunipotea kichwani. Alasiri, jua limeshakausha kila kitu, nikavuta kamba mara ya tatu. Kumi na nne.

Nikakaa chini, katikati ya vijiti, nikahisi kama nafanyiwa mzaha na mtu ambaye simwoni. Miaka yote ile nilikuwa nikiwaambia watu mistari mingapi, nami ndani ya siku mbili shamba langu la mita kumi limenipa majibu mawili. Hatimaye Seif akaleta futi ya fundi na ndoo ya maji. Tukapima fundo hadi fundo: sabini na tano. Tukaitumbukiza kamba majini, tukanywa chai, tukaitoa, tukapima: sabini.

Usumba ukinywa maji unanenepa, na ukinenepa kamba inakuwa fupi. Ikilala nje inakuwa kamba nyengine. Mzee Haji hakuwa anaogopa wezi.

Nilicheka kidogo. Halafu nikaacha katikati, kwa sababu nilimwona Bi Mize anatoka kwenye mvua. Masika. Mvua. Na kamba niliyomwazima kwa mkono wangu. Mafundo yalijivuta, mistari ikaongezeka, mbegu ikaisha kabla ya shamba. Mwanamke yule alisema kweli, na mimi nilimpa jina.

"Seif, nimemdhulumu mtu."

Nikamhadithia yote. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake.

"Basi nenda kamwambie."

"Kaskazini?"

"Kwani anakaa hapa barazani?"

Nikasema tumbo linaniuma. Akaniangalia tu. Tumbo likanyamaza.

Safari sitaieleza, kwa sababu sehemu kubwa nilifumba macho. Nilikwenda na kamba, futi ya fundi na ule mfuko wa mbegu, vikombe viwili vimeshatolewa. Kijijini nikauliza kwa Bi Mize, mtoto akasema hamjui. Nikasimama. Nikauliza kwa sauti ndogo, "Kwa Bi Bisi?" Akaninyooshea kidole papo hapo. Hapo nilitamani nirudi nyumbani kuliko siku zote za maisha yangu.

Nikapiga hodi. Akatoka, mfupi kuliko nilivyomkumbuka, mgongo umeinama, macho yale yale.

"Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba. Nani?"

"Rahma. Wa ghalani, Malindi."

Akanisogelea. "Rahma mwenye maneno."

"Naam."

"Umeolewa?"

"Nna wajukuu, Bi Mize."

"Haya, kaa. Vua viatu."

Nikavua mlangoni, nikakaa mkekani, nikaanza. Nilimweleza habari ya usumba tangu mwanzo. Nikaomba ndoo ya maji, nikaloweka kamba, nikapima mbele yake: sabini na tano hii, sabini hii, tazama. Nikaeleza mistari kumi na nne inavyogeuka kumi na tano. Jasho lilinitoka. Yeye alikaa, mikono mapajani.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza. Nimekuja kukuomba radhi. Kamba ile ndiyo iliyokula mbegu, si wewe."

"Kamba uliyonipa mimi?"

"Hiyo hiyo."

"Iko pale." Akanyoosha mkono uani. Pale, kutoka mnazi mpaka nguzo ya jiko, palikuwa na kamba ya usumba, nyeusi kwa uzee, ina fundo kila baada ya hatua, na kanga tatu zimeanikwa juu yake. "Inafaa sana. Nguo haziterezi, zinashikwa na mafundo. Siku niliyofika nayo ndiyo siku niliyoifunga pale."

Sikufahamu. "Hukupimia?"

"Kwani kamba ya kupimia mtu ataiacha mvuani? Niliona nzuri, nikafanya ya nguo. Kuirudisha nikaona haya, ulishanipa jina."

"Sasa shamba ulipima kwa nini?"

"Kwa miguu, mwanangu! Si mlinionesha wenyewe? Tatu, mbili. Tatu, mbili."

Basi yote niliyokuja nayo yakawa hayana maana. Kamba haikuhusika. Ndoo haikuhusika. Mbegu ilikuwa ile ile, shamba lile lile, na robo ilikuwa bado imepotea, nami nimesafiri kaskazini nzima kuja kuomba radhi kwa kosa ambalo halikutokea. Nikainamisha kichwa kwa kukosa pa kuangalia. Macho yakaanguka mlangoni, kwenye viatu.

Ndara zangu, na pembeni ndara zake. Zake ungesema za mtoto mdogo wa chuoni.

Nikachukua futi. "Bi Mize, nipe mguu wako."

"Una nini wewe?"

"Nipe mguu."

Sentimita ishirini na mbili. Vidole viwili pungufu ya mguu wa Mzee Haji. Nikatoa kalamu, nikaandika juu ya mfuko wa mbegu. Nyayo tatu zake si sabini na tano, ni sitini na sita. Nyayo mbili si hamsini, ni arubaini na nne. Mistari imekaribiana, mashimo yamekaribiana, pishi moja inaishia njiani. Nikapiga hesabu mara tatu, kwa sababu sikuwa najiamini tena kwa hesabu yoyote. Kinachobaki kitupu, kwa kukisia, ni robo.

Robo. Kama alivyosema, siku ile, mbele ya watu wote.

Na mguu ule niliuona. Niliuona umepotea ndani ya rangi nyeupe, nikautania. Viatu vya baba.

"Bi Mize," nikasema, "hukula."

"Najua sikula."

"Nakwambia hukula hata moja."

Alifuta goti kwa kiganja. "Nilikuwa nnajua. Lakini nilikuwa sijui kwa nini hazikutosha. Nikasema labda Asha kachota." Asha ni binti yake. "Nikamgombeza, akaapa, sikumwamini. Miaka yote hii nikikumbuka nasema, labda ni Asha, labda ni mie mwenyewe nimekula nikasahau." Halafu akainuka, na ile sauti iliyomzidi mwili ikatoka yote. "Asha! We Asha! Njoo!"

Akaja mwanamke mtu mzima, mikono ina unga. Nyuma yake jirani, na nyuma ya jirani jirani mwengine, maana sauti ile haiwezi kumwita mtu mmoja.

"Sema tena," Bi Mize akaniambia.

Nikasema kwamba mbegu haikuliwa na mtu, ni mguu wa Mzee Haji ulikuwa mkubwa.

"Sivyo. Sema kwa sauti ile ile ya foleni."

Nikasimama, miguu mitupu, futi shingoni kama fundi, nikasema kwa sauti ya kufika barabarani: Bi Mize hakula mbegu, Asha hakuchota, aliyekosa ni mimi, Rahma wa Malindi, sikuja kuliona shamba. Mtu mmoja akacheka. Asha hakucheka. Alimgeukia mamake, akasema, "Nilikwambia, mama," akarudi jikoni.

Aliporudi alikuwa na sahani. Bisi, moto, zina chumvi.

"Kula," Bi Mize akasema. "Hizi tumezikaanga kwa kusudi."

Nikala. Sijawahi kula kitu kigumu kumeza kama kile, na zilikuwa laini.

Basi, vijana, maombi yangu ni haya. Lile neno liacheni. Mkulima akisema mbegu haikutosha, haikutosha. Vaeni viatu mkaone, hata kama tumbo linauma. Nyayo za Mzee Haji msizifute, lakini kila anayesimama juu yake mpimeni mguu wake kwanza, mumwambie aongeze vidole vingapi. Bi Mize ni nyayo tatu na vidole sita, nyayo mbili na vidole vinne. Mimi mwenyewe sijajijua bado, kila nikijipima napata jibu tofauti, Seif anasema nakunja vidole.

Mbegu iliyobaki nilimwachia Bi Mize. Hakushukuru, alisema mvua ziko karibu na kama nimekuja na mdomo tu niondoke, kama nimekuja na mikono nichukue vijiti. Tukaingia shambani kwake, yeye mbele akikanyaga kisigino kwa kidole na kuongeza vidole sita, mimi nyuma nikichomeka. Mwisho wa shamba tukageuka kuhesabu. Yeye akapata mistari thelathini na moja. Mimi nikapata thelathini.

"Umehesabu wa kwanza?" akaniuliza.

Sikuwa na uhakika. Tukarudi mwanzo.